Kuamsha mti wa tufaha Kabale bila baridi ya Ulaya

Nyinyi wa Kabale na Kisoro, huku Uganda, mnaouliza mbona mti una majani kibao na maua mawili matatu tu, mara nyingi shida si mbolea, mti haujui saa ya kulala wala ya kuamka. Kule Ulaya siku zikifupika na baridi ikiingia, homoni inaitwa asidi absisiki inapanda kwenye matumba, majani yanapukutika, mti unalala, halafu baridi ya wiki nyingi ndio inaishusha na jibelini, homoni ya kuamsha, inapata nafasi ya kufungua tumba. Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima na baridi yetu ya asubuhi hata ikuume vipi haitoshi, so kazi ya baridi unaifanya wewe kwa mikono.

Hatua ya 1: panda aina mbili za tufaha, Anna na Dorsett Golden, pamoja. Hazidai baridi nyingi na zinachavushana.

Hatua ya 2: laza matawi. Tawi likisimama wima ncha yake inateremsha auksini, homoni nyingine ya mti, na matumba ya pembeni yanazuiwa kuchipua. Funga kamba kwa kigingi, livute likaribie kulala, ila lisianze kuangalia chini, hapo litakutolea machipukizi marefu mgongoni yasiyo na faida.

Hatua ya 3, ndio yenyewe: toa majani. Ukishavuna usikae sana, kwa sababu mwanzoni tumba linazuiwa na majani tu, ukiyatoa linaamka, lakini ukichelewa usingizi unahamia ndani ya tumba lenyewe na hata uchune mti mzima litakutazama tu. Usivute kwa fujo utang'oa na tumba lililokaa kwapani mwa jani. Mimi nakata kwa mkasi naacha kikonyo, baada ya muda kinadondoka chenyewe maana auksini iliyokuwa inatoka kwenye jani imekatika. Inachosha, ita vijana. Dawa ya kuamsha ipo, sainamaidi ya hidrojeni, lakini ni sumu, na anayeipiga akigusa waragi au pombe yoyote siku hizo atajuta.

Hatua ya 4: piga hesabu ya siku za maua, yanakuja kama mwezi hivi baada ya kutoa majani, yasiangukie mvua kubwa ya Aprili nyuki wakajifungia. Udongo ukiwa mkavu mwagilia kwanza ndipo utoe majani. Ukitaka kuvuna kwa awamu gawa shamba, ila kila awamu iwe na Anna na Dorsett zilizotolewa majani siku moja, la sivyo moja itachanua mwenzake bado amelala.