Namna ya kupima iwapo kirutubisho kinarudisha ukuaji wa panya wenye homoni nyingi ya thairoidi

Panya mchanga anayechanganyiwa unga wa tezi ya thairoidi (tezi ya shingoni), ambao una homoni ya tezi hiyo, katika chakula hula sana, lakini uzito wake hauongezeki inavyotakiwa, kwa sababu mwili unatumia nishati kwa kasi na kuvunja protini ya misuli, huku mahitaji yake ya vitamini, hasa thiamini (vitamini B1) na B12, yakipanda. Mwaka 1949, baada ya vitamini B12 kutengwa katika hali safi mwaka 1948, ilionekana kwamba inaweza kuwarudishia panya wa aina hii sehemu ya ukuaji waliopoteza. Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, fuata hatua hizi.

Kwanza, chukua panya walioachishwa kunyonya, wa jinsia moja na uzito unaokaribiana, uwagawe kwa kura katika makundi manne: wasiopewa homoni wala kirutubisho, wa kirutubisho peke yake, wa homoni peke yake, na wa vyote viwili. Nasisitiza kundi la pili lisiachwe, maana bila hilo hutajua kama kirutubisho kimepunguza madhara ya homoni au kingemkuza panya yeyote.

Pili, chakula cha msingi kiwe kimoja kwa wote. Kasini (protini ya maziwa) isiyosafishwa hubeba vitamini B12, nayo inaweza kuficha tofauti unayoitafuta.

Tatu, pima uzito wa panya saa ileile kila mara, pamoja na chakula walichokula. Kusanya makombo yaliyoanguka chini ya kizimba, yatenge na kinyesi, uyakaushe kabla ya kuyapima, kwa kuwa makombo yaliyolowa mkojo huonyesha uzito wa uongo.

Nne, na hapa ndipo majaribio mengi yanapoweza kupotoka, hakikisha homoni bado imo mwilini. Soya na nyuzinyuzi huweza kuzuia thairoksini, yaani homoni ya thairoidi, isifyonzwe utumboni, na panya akakua kwa sababu tu dozi haikumfikia. Ni salama zaidi kutoa homoni kwa sindano, kuipima katika damu, na mwishoni kupima moyo, ambao huwa mzito homoni inapozidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbuzi wangu wamezaa watoto wenye uvimbe shingoni. Niwape B12?*

Hapana, ndugu yangu. Kwa kawaida uvimbe huo hutokana na upungufu wa iodini, na homoni huwa pungufu, si nyingi. Mwite daktari wa mifugo akushauri kuhusu chumvi yenye iodini.

*Je, paka mzee anayekula sana na bado anakonda, vitamini zitamtosha?*

Hazitatosha. Apimwe damu, kwa kuwa maradhi ya homoni nyingi ya thairoidi huwapata sana paka wazee na yana dawa zake. Usimpe unga wa mwani, kwani una iodini nyingi.

*Mbona watafiti wengine wa miaka ya 1940 walitumia ini lililokaushwa badala ya B12 safi?*

Kwa sababu katika baadhi ya majaribio ya miaka hiyo ini lilikuza panya kuliko vitamini zilizojulikana zikiwekwa pamoja. Ukilitumia, ongeza kundi la tano la B12 safi ulinganishe.