Upele wa nepi: hatua ninazofuata, na ile iliyonipotezea siku tano

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa analia kila akifutwa, makalio yamechubuka. Asubuhi nikaenda, tukafanya haya kwa mpangilio huu.

1. Badilisha nepi mapema. Akijisaidia haja kubwa, papo hapo. Mkojo mtupu, kila baada ya saa 2 au 3. Wengi husingizia meno, lakini kinachoumiza ngozi ni unyevu, msuguano, na vimeng'enya vya kinyesi (kemikali za mwili zinazosaga chakula), ambavyo huwa vikali zaidi kinyesi kikichanganyika na mkojo.

2. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na pamba. Upele ukishatokea, vile vitambaa vyenye manukato au alkoholi viweke kando. Usisugue. Kinyesi kilichoganda, mkalishe mtoto kwenye beseni, kitalainika chenyewe.

3. Kausha. Bonyeza taratibu kwa taulo laini, kisha mwache bila nepi kwa muda. Poda usitumie kabisa, vumbi lake mtoto hulivuta hadi mapafuni.

4. Kagua mikunjo kabla ya kupaka chochote. Hapa tafadhali usiharakishe. Kwa mwanangu wa kwanza nilirundika malhamu ya zinki (ile nyeupe inayokinga ngozi na unyevu) siku tano huku upele ukizidi kusambaa, kumbe ulikuwa wa fangasi. Alikuwa ametoka kumaliza dozi ya antibiotiki, na dawa hizo mara nyingi huwafungulia fangasi njia. Sikujua.

Panua mikunjo ya kinena kwa vidole, mahali penye mwanga. Upele wa kawaida hukaa pale nepi inapogusa: makalio, tumbo la chini, mapaja. Ndani ya mikunjo ngozi hubaki nzima. Fangasi hupenda humo humo ndani, na pembeni mwa eneo lililoiva utaona vipele vidogo vilivyojitenga. Kwa mtoto mweusi wekundu huenda usionekane vizuri. Tafuta rangi iliyokolea kuliko kawaida au ngozi inayong'aa. Mchungulie mdomoni pia. Utando mweupe usiofutika, tofauti na mabaki ya maziwa, ni dalili ya fangasi, na kama ananyonya na chuchu zako zinauma, mwambie mhudumu wa afya ili mtibiwe wote wawili.

Ikiwa ni fangasi, zinki peke yake haitoshi. Inahitajika krimu ya klotrimazoli au nistatini, na ni vizuri mhudumu amwone mtoto kwanza. Inapakwa nyembamba, zinki inafuata juu yake. Usiache siku ile tu ngozi inapopendeza. Maliza muda ulioelekezwa.

Na soma tyubu! Kuna krimu za mchanganyiko ambazo ndani yake mna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na wekundu) kama betamethasoni au klobetasoli. Wekundu hupungua haraka, ndiyo maana watu huzisifu na kupeana. Lakini nepi huifunika ngozi ya mtoto na kuifanya inywe dawa nyingi zaidi, na kadiri siku zinavyokwenda ngozi inakonda na kupata michirizi. Ukiona majina hayo, usipake bila daktari kukuambia.

Mtoto wa mdogo wangu mikunjo yake ilikuwa safi, kwa hiyo tuliruka dawa ya fangasi.

5. Paka zinki nene. Nene kiasi cha kuificha ngozi. Mimi hupendelea ile nzito inayogoma kutoka kuliko krimu nyepesi, na juu yake naongeza mafuta ya mgando ili isigande kwenye nepi. Ukibadilisha, ondoa safu iliyochafuka tu, uongezee. Kuikwangua yote kila mara ni kuichubua ngozi upya.

6. Funga nepi kwa kulegeza. Za kitambaa zisuuzwe hadi sabuni iishe.

Peleka mtoto kituo cha afya ukiona malengelenge, usaha, vidonda vinavyotoa damu au homa, au siku 3 zikipita bila nafuu. Mtoto mchanga mwenye homa ni siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Beba kila tyubu uliyokwisha kumpaka, hata ile uliyopewa na jirani, daktari aone kilichomo.