Poti ni baada ya chai

Kama unamtoa mtoto kwenye pampasi, acha kumuuliza "unataka choo?" kila saa; wangu jibu lake lilikuwa "staki" tu. Mkalishe potini dakika kama 20 baada ya chai ya asubuhi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huanza kusukuma, kwa hiyo haja iko njiani tayari, wewe unaiwahi tu. Sisi poti tumeiweka uani kivulini. Akishamaliza boflo lake na uji anakaa na kifuniko cha sufuria cha kuchezea. Dakika 5 zikipita bila kitu, mnyanyue, wala usimgombeze. Na umvishe suruali ya mpira kiunoni, ya kuvuta tu, maana akishasema "mama, kojo" huna hata nusu dakika.

Haitafaa akiwa anapata choo kigumu: atabana kwa kuogopa maumivu. Mpe maji na papai kwanza, choo kilainike. Akiharisha, subiri apone. Kojo la usiku ni habari nyengine kabisa, hilo liache lije kwa wakati wake. Na bibi yake umwambie mapema! Wangu alishinda kwa bibi siku moja na pampasi yake, tukarudi nyuma wiki nzima.