Jinsi ya kuomba ruzuku ya kutunza miti ya mjini, si ya kuipanda tu

Andiko langu la kwanza liliomba miche elfu moja. Tukapewa miche elfu moja, tukapiga picha na majembe mkononi, tukashangilia. Kiangazi kilipokwisha nilizunguka na daftari kuhesabu iliyobaki hai, nikachoka moyo kabla ya kufika nusu ya eneo. Kwenye bajeti yetu hapakuwa na hata senti moja ya maji. Tangu hapo naandika maandiko ya utunzaji, na miche naiweka kifungu kidogo huko mwishoni.

Hatua ya 1: Hesabuni mlicho nacho

Msiguse fomu ya mfadhili kabla ya sensa ya miti. Jedwali liwe na safu sita: namba, mahali, aina, kipenyo cha shina, hali ya mti, na kazi inayotakiwa. Hiyo safu ya sita ndiyo itakayozaa bajeti, kwa hiyo isiachwe wazi.

Kipenyo hakihitaji kifaa cha gharama. Zungushia shina tepu ya fundi cherehani kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha sentimita 30. Penye mteremko, simama upande wa juu.

Eneo likiwa kubwa kuliko watu mlio nao, tumieni i-Tree Canopy, programu ya bure inayotolewa na Idara ya Misitu ya Marekani na washirika wake. Inatupa nukta ovyo juu ya picha za angani, wewe unaijibu kila nukta: hapa ni mti, hapa si mti. Tuseme nukta 500, na 120 zimeangukia miti. Mwavuli wa miti, yaani sehemu ya eneo iliyofunikwa na matawi na majani, ni asilimia 24, na kosa la makadirio ni kama asilimia 2 juu au chini. Liandikeni na hilo kosa. Msomaji wa maandiko anamwamini zaidi anayekiri kwamba amekadiria.

Angalieni pia mchanganyiko wa aina. Kuna kanuni ya Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, ya mwaka 1990: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) 20, familia moja (kundi la jenasi) 30. Si msahafu, lakini ina sababu. Mdudu aitwaye emerald ash borer aligunduliwa katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 2002, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti iitwayo ash, iliyopandwa sana mitaani huko. Mitaa iliyopandwa mti huo peke yake ilibaki bila kivuli.

Hatua ya 2: Geuzeni kasoro kuwa kazi

“Hali ya miti yetu hairidhishi” haimpi mfadhili pa kushika. “Miti 38 ina matawi makavu juu ya njia wanayopita wanafunzi; inahitaji kupogolewa na mpandaji mwenye mafunzo, kamba na bima” inampa. Hapo mwenye kusoma anauona mti, anamwona mtoto, na bei inajipanga yenyewe.

Hatua ya 3: Bajeti ianze na maji

Pigeni hesabu hadharani. Miti michanga 200, lita 40 kila mmoja kwa wiki, wiki 16 za ukame: lita 128,000. Boza la lita 8,000 litakwenda safari 16. Sasa mna kitu cha kuulizia bei: safari 16 za boza, dereva, na watu wawili wa mpira. Rudieni mwaka wa pili, maana mizizi haijafika mbali.

Kisha wekeni vitu vinavyosahaulika. Matandazo, yaani majani makavu au vipande vya mbao vya kufunika udongo, ambayo yasirundikwe kwenye shina, kwa sababu gome linalokaa na unyevu huoza. Na siku za kazi za kuondoa vigingi na kamba! Nimeona mti uliopona ukame ukaja kunyongwa na kamba tuliyoufungia sisi wenyewe.

Hatua ya 4: Mchango wenu

Wafadhili wengi wanataka mwombaji alete chake. Mpango wa misitu ya mijini wa Idara ya Misitu ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hudai mchango unaolingana na ruzuku. Si lazima yote yawe fedha taslimu. Mara nyingi saa za kujitolea na vifaa vya kuazima huhesabiwa, ila someni kwanza wito wa mfadhili wa kupokea maombi. Mali bila daftari huisha bila habari: jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi. Karatasi za mahudhurio zilizojazwa siku moja kwa kalamu moja mkaguzi anazijua toka mlangoni.

Hatua ya 5: Barua ya mwenye ardhi

Ni barua ya ruhusa ya kufanya kazi kwenye ardhi yake. Iombeni mapema. Ndiyo inayochelewa kuliko zote.

Hatua ya 6: Ahidini miti hai

Kwenye sehemu ya viashiria msiandike “miti iliyopandwa”. Andikeni “miti iliyo hai mwaka wa tatu”, na mseme nani atakayehesabu, mwezi gani. Ruzuku ikiisha kabla ya hapo, ambatanisheni makubaliano na halmashauri au kikundi kitakachobeba maji baadaye.

Iliyokufa msiifute. Kwenye taarifa yangu iliyofuata niliacha kila mti uliokufa na namba yake na chanzo cha kifo, nikijua fika naweza kunyimwa fungu la pili. Mingi ilikuwa imechunwa magome na mashine ya kukata nyasi. Ombi lililofuata likawa na mstari mpya, duara la matandazo kuzunguka kila mti ili mashine isisogee, na mstari huo ulipita bila swali.