Doa jekundu kwenye ramani ya uoto: usikimbilie yurea

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini hukua kati ya Novemba na Aprili, miezi ileile ambayo anga la Mbeya na Njombe halikauki mawingu. Ndiyo maana afisa ugani anayetumia ramani za setilaiti kushauri juu ya mbolea ya kukuzia anapaswa kujiuliza kwanza: hili doa jekundu, yaani mahali ramani inaposema mimea imedhoofika, ni la mahindi au la anga?

Picha nyingi za bure zinazotufaa zinatoka kwa Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Setilaiti mbili zikipokezana, shamba hupigwa picha kila baada ya siku 5, na pikseli moja, yaani kijiraba kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10; kwa hiyo ekari moja ina pikseli kama 40. Lakini setilaiti hii hupita kwetu mnamo saa tano asubuhi, wakati jua limeshapasha ardhi na mawingu ya mabonge yameanza kupanda milimani. Wingu likikaa juu ya shamba, kipimo cha uoto, NDVI, ambacho hupanda kadiri shamba linavyokuwa la kijani, hushuka karibu na sifuri hata kama mahindi yamefika kifuani.

Wingu jeupe halisumbui sana, maana unaliona. Kivuli ndicho kinachodanganya, kwa sababu huanguka mbali na wingu lenyewe. Januari saa hizo jua liko mashariki, likielemea kusini kidogo, kwa hiyo kivuli huenda magharibi na kaskazini kidogo. Wingu lililo mita 1,500 juu ya ardhi litatupa kivuli chake umbali wa kama mita 700. Shamba linaweza kuwa halina wingu hata moja, ila kona yake imezama kwenye kivuli cha wingu lililo juu ya shamba la jirani. Basi fungua picha ya rangi halisi ya tarehe hiyohiyo, tafuta weupe upande wa kulia wa doa na chini kidogo. Ukiuona, na umbo lake likifanana na doa, acha yurea ghalani.

Usitegemee asilimia ya mawingu inayoandikwa kwenye picha. Asilimia hiyo ni ya kipande kizima cha kilomita 110 kwa 110. Picha yenye mawingu asilimia 70 inaweza kukuonyesha kijiji chako chote bila doa, na yenye asilimia 5 ikakufunika wewe tu. Angalia tabaka liitwalo SCL linalokuja na picha: namba 3 ni kivuli, 8 na 9 ni mawingu, 10 ni yale membamba ya juu sana. Nalo hukosea. Paa la bati jipya huweza kuitwa wingu, na bwawa likaitwa kivuli. Vyote viwili utavikuta palepale picha ijayo, wingu halitakuwepo. Kingo za wingu pia huachwa nje mara nyingi, kwa hiyo futa na ukanda wa mita 100 hivi kuzunguka.

Mawingu membamba ndiyo magumu zaidi, kwani hayaachi doa, yanafifisha tu kila kitu. Hapa chagua shahidi: shamba la chai ambalo halijapogolewa, au msitu wa asili ulio karibu. Kama NDVI ya chai imeshuka tarehe ileile pamoja na ya mahindi, shida iko angani. Chai ikibaki juu na mahindi yakashuka, vaa buti uende shambani ukakague kwenye moyo wa mahindi, pale majani machanga yanapochipukia. Huenda ni viwavijeshi.

Ukishafuta mawingu utabaki na mapengo. Programu nyingi huyaziba kwa kuchukua NDVI ya juu kabisa ndani ya siku 10 au 16. Kwa ramani ya wilaya ni sawa. Kwa shamba la mtu mmoja mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu mahindi yaliyoanza kuungua wiki hii yatafichwa na ukijani wa wiki iliyopita. Ni heri kumwambia mkulima kwamba tarehe hiyo hakuna picha. Rada ya setilaiti nyingine, Sentinel-1, hupenya mawingu na inafaa kuonyesha maji yaliyotuama, ila haioni rangi ya jani, kwa hiyo usiitumie kuamua kama mahindi yana njaa ya naitrojeni.