Somo: Kurusha na kutunza bawa la paraglaida la daraja la juu, Bonde la Kerio

Wakuu, habari za msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa mashariki ukianza kugonga ukingo wa Elgeyo, swali linalosikika sana hapa Iten ni "bawa gani linakwenda mbali?" Lile la "linatunzwaje?" huja nadra, na mara nyingi huja limechelewa. Ndiyo maana somo hili limeelemea huko. Nazungumzia paraglaida, mabawa ya kitambaa ya kurukia, za EN C na EN D (EN ni kiwango cha Ulaya, toka A iliyo tulivu hadi D iliyo kali), hasa zile za safu mbili za kamba, A ya mbele na B ya nyuma tu. Kama bado uko kwenye EN A, soma ujue, ila usinunue.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Herufi ya EN si cheo cha rubani. Inaeleza bawa lilifanya nini rubani wa majaribio alipolikunja makusudi kwenye hewa tulivu. La A hujifungua lenyewe na kuendelea na safari. La D linamtaka rubani afanye jambo sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa wakati wake. Na hewa ya Kerio saa sita mchana mwezi Februari si tulivu hata kidogo.

Usiniletee hesabu ya saa peke yake. Saa mia za kuteleza asubuhi hazilingani na saa thelathini ndani ya thamali, yaani hewa moto inayopanda. Ninachotaka kuona kwa mtu anayehamia C ni mikono inayotuliza bawa bila yeye kutazama juu, na awe amepitia kozi ya dharura juu ya maji, ile inayoitwa SIV.

Halafu panda mizani ukiwa umevaa kila kitu: hanesi (kiti cha kujifunga), bawa lenyewe, parachuti ya akiba, redio, maji. Watu husahau maji, na Kerio hakuna anayeruka na chupa ya nusu lita. Lenga nusu ya juu ya kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye bawa. Ukiwa mwepesi mno, bawa linalegea na kukunjikakunjika. Ukizidi, kila kosa linajibiwa kwa ukali.

Hatua ya 2: Ukingoni, kabla ya kuruka

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ina uzito wa kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo bawa lilelile linahitaji kasi ya kama asilimia 12 zaidi ili likubebe. Maana yake ni kukimbia kweli, hatua ndefu, kifua mbele. Mgeni aliyezoea milima mifupi hukimbia hatua tatu, akavuta breki akidhani ameshapaa, bawa likamrudisha kwenye majani.

Bawa refu lipangwe kwa upinde, katikati juu kidogo, ili lisianze kujaa kwenye ncha. Ncha ndizo zinazonasa vijiti. Pitisha macho kwenye kamba za A moja moja toka kwenye karabina (ndoano inayounganisha bawa na hanesi) hadi kitambaani, kisha za ncha, kisha breki. Mtu akikusemesha katikati, anza upya.

Chamchela wakianza kuonekana ukingoni, bawa likusanywe liwe furushi na lisifungwe kwenye karabina hadi zamu yako. Kimbunga kidogo cha vumbi kikilikuta bawa lililotandazwa na mtu amefungwa humo, kinamnyanyua kabla hajajua afanye nini.

Mambo mawili ya anga na ardhi: kusini-magharibi yetu kuna uwanja wa ndege wa Eldoret, kwa hiyo mipaka ya anga na urefu ulioruhusiwa uulize siku hiyohiyo kabla ya kuruka. Chini bondeni kuna Hifadhi ya Rimoi, na ndovu wake hawajali kama umetua kwa dharura. Ukipanga kuelekea kaskazini, uliza pia hali ya usalama kwa wenyeji.

Hatua ya 3: Hewani

Kwenye bawa la safu mbili, kazi kubwa ya kusafiri hufanywa kwa raiza za B, yaani kanda zinazounganisha kamba na hanesi. Umekanyaga kanyagio la kasi, mikono iko kwenye vishikio vya B, na vidole ndivyo vinavyosikia. Ukingo wa mbele ukianza kulegea, utahisi B imepoteza uzito mkononi. Vuta sentimita chache au achia kanyagio, kutegemea ni ipi itakayowahi. Usiguse breki ukiwa umekanyaga hadi mwisho: breki hukunja ukingo wa nyuma peke yake, na bawa likiwa kwenye kasi hiyo sehemu ya mbele inazidi kuwa rahisi kukunjika.

Likikunjika upande mmoja, mpangilio ni huu: achia kanyagio papo hapo, hamishia uzito upande ulio wazi, zuia mzunguko kwa breki kidogo tu, kisha ndipo upige breki ya upande uliokunjika. Neno "kidogo" lina uzito. Bawa refu lililobaki nusu liko karibu sana na stoli, yaani kuacha kuruka na kuanguka. Ukilivuta kwa hofu, upande uliokuwa mzima unarudi nyuma, na sasa una matatizo mawili.

Ncha ikinaswa kwenye kamba zake, shughulikia mwelekeo kwanza. Kama bawa linakwenda sawa, tafuta kamba ya ncha na uivute hadi itoke. Kama linazunguka na kasi inaongezeka, usianze ufundi. Tupa akiba: tazama kishikio, shika, chomoa, rusha kwa nguvu kwenye nafasi iliyo wazi, halafu kusanya bawa kuu lisishindane nayo. Kiwango cha EN 12491 kinaruhusu parachuti ya akiba kushuka kwa hadi mita 5.5 kwa sekunde. Kwenye hewa yetu nyepesi utashuka kwa kasi zaidi ya ile ya pwani. Chukua saizi kubwa.

Kushuka haraka ndiko kunakowasumbua waliotoka kwenye EN B. Mbinu ya kuvuta safu ya B ili bawa lishuke kama lifti haipo hapa: kwenye safu mbili, B ndiyo safu ya nyuma, ukiivuta yote umeingia stoli kamili. Masikio nayo, yaani kukunja ncha makusudi, hufanyika tofauti kwa kila muundo, soma kijitabu cha bawa lako. Unabaki na mzunguko mkali, ambao unakubana kitini kwa mara kadhaa ya uzito wako, na mabawa mengine hayatoki humo hadi rubani ayatoe. Jifunze juu ya maji na mwalimu, si peke yako juu ya Kerio.

Hivyo dawa ya mawingu makubwa ni kutokuwa chini yake. Tarehe 14 Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, Ewa Wiśnierska wa Ujerumani alinyonywa na wingu la radi hadi mita 9,946. Alipoteza fahamu, akaamka bado anaruka, akaishi. Rubani kutoka China aliyenyonywa siku hiyohiyo alifariki. Hawa walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya dunia, si wanagenzi. Machi ikikaribia na mawingu yakianza kurundikana alasiri, mimi nakuwa chini nikinywa chai.

Hatua ya 4: Kutua

Bawa hili halitaki kushuka. Uwanja uliokutosha ukiwa na EN B utaupita ukiwa juu ya migunga. Anza mipango yako juu zaidi, fanya mikato ya S upande wa nyuma wa uwanja, na usijaribu kuua urefu kwa breki nzito. Sakafu ya bonde mchana inatoa thamali zake, na bawa lililopunguzwa mwendo hapo linaweza kustoli kwenye mita kumi, urefu ambao akiba haisaidii.

Watoto watakuja mbio. Wasalimie, mpe mkubwa wao kazi ya kuwazuia wenzake wasikanyage kamba, na ukunje mara moja.

Hatua ya 5: Utunzaji

Hapa ndipo pesa na usalama wako vinapopotelea. Kitambaa ni nailoni yenye mipako, na jua la ikweta linakula vyote viwili. Bawa lisilale wazi ukingoni ukisubiri upepo. Litikise litoe vumbi, na toa panzi na siafu walioingia kwenye vyumba vyake, kwani panzi akisagika humo anaacha uozo unaokula mipako. Kunja kama kinanda cha mkono, ukingo wa mbele fito (vijiti vyembamba vinavyoupa umbo) juu ya fito, bila kubana. Fito zikipinda zinabaki na pindo, na bawa linajaa vibaya.

Kamba ndizo hasa. Kwa jumla kuna aina mbili: Dyneema na aramidi. Dyneema ni imara inapopindwa, ila isipobeba mzigo hujikunyata polepole, hasa ikipata unyevu au joto. Aramidi hushika urefu wake vizuri, ila haipendi kupindwa mahali pamoja wala jua, na nyingi kwenye mabawa ya daraja hili hazina ala, yaani kifuniko. Sasa fikiria bawa zima: kamba za A zinabeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo zinabaki na urefu wao au kunyooka kidogo. Za nyuma zinabeba kidogo, zinafupika. Tofauti ya milimita 10 hadi 15 kati ya mbele na nyuma inatosha kuliinua pua bawa, likawa zito kupanda, polepole hewani na karibu zaidi na stoli. Kwa macho hutaona chochote. Kitambaa kinang'aa, rangi nzuri, na mwenye kuuza anakuapia kwamba halijawahi kuanguka mtini.

Vijitabu vingi hutaka ukaguzi kamili kila saa 100 au miaka 2, kinachotangulia. Kwa safu mbili mimi nasema pima kamba mapema, baada ya saa za mwanzo kadhaa, kisha kila saa 50. Karakana hupima kila kamba kwa leza ikiwa imevutwa kwa uzito uleule, mara nyingi kilo 5, hulinganisha na jedwali la kiwandani, na hurekebisha kwa vitanzi kwenye pete za chuma za raiza. Omba karatasi ya vipimo. Usiongeze wala kutoa kitanzi nyumbani kwa kukisia.

Akiba ifunguliwe, ipumzishwe na ikunjwe upya kila mwaka, na pwani mapema zaidi.

Maswali ya wanachama

Nairobi: Kaka, nina saa 80 za EN B. Nimepata EN D ya miaka minne kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Hapana, kaka. Kwanza, D baada ya saa 80 ni kuruka darasa. Pili, bei ya kutupa ina sababu. Kama unataka kuhama, tafuta B ya juu au C tulivu, na sharti la kununua liwe vipimo vya kamba na cha upenyo wa hewa kwenye kitambaa, vilivyofanywa na karakana ambayo muuzaji hana undugu nayo.

Kitale: Mwalimu, bawa langu siku hizi linapanda nusu halafu linakaa nyuma ya kichwa. Upepo mzuri, mbinu ni ileile. Ni mimi au ni lenyewe?

Umeshajibu nusu ya swali uliposema mbinu ni ileile. Kwanza angalia breki: ukiinua mikono kabisa, ukingo wa nyuma uwe huru bila kuvutwa, kwani kamba ya breki nayo hufupika. Kama ni huru, basi karibu hakika ni kamba za nyuma, au kitambaa kimeanza kupitisha hewa. Usiliruke hadi lipimwe. Bawa linalokaa nyuma ardhini linakaa nyuma hewani pia, ukitoka thamali na ukiwa unatua.

Mombasa: Shikamoo mwalimu. Nafanya mazoezi ya ardhini ufukweni Kilifi. Chumvi ina madhara gani?

Marahaba. Mchanga na chumvi ni kama msasa ndani ya vyumba na kwenye nyuzi za kamba. Likiingia baharini, lisuuze kwa maji matamu mengi siku hiyohiyo, likaushe kivulini penye upepo, kisha kamba zipimwe kabla ya kuruka tena. Kwa mazoezi ya kila wiki, tafuta bawa kuukuu. Hilo jipya liache kabatini.

Muscat: Salaam. Huku mchana gari linakuwa tanuri. Bawa likikaa kwenye buti saa chache tu kuna neno?

Waalaikum salaam ndugu yangu. Lipo. Joto la buti linaharakisha kule kufupika kwa Dyneema na kulegea kwa gundi na mipako. Beba ndani ya ofisi au nyumbani. Ikibidi libaki garini, liwe chini ya kiti, limefunikwa, gari kivulini, na kamwe lisifungwe likiwa na unyevu.

Kampala: SIV tutafanyia wapi sisi? Ziwa tunalo.

Ziwa peke yake halitoshi, dada. Inatakiwa urefu wa kutosha juu ya maji, boti yenye injini inayowaka, jaketi la kuokoa, redio na mwalimu anayejua kazi. Wengi huenda Ölüdeniz, Uturuki, au Annecy, Ufaransa. Kuna aliyependekeza Ziwa Baringo. Viboko na mamba wa Baringo hawakuulizwa.

Eldoret: Naweza kuliosha kwa sabuni ya unga? Lina madoa ya matope.

Usithubutu. Maji matamu, sifongo laini, papasa pale penye doa tu, bila kusugua. Doa likikataa, liache.