Kabla Hujaanza Kuzamia Mtwara, Kusi na Kaskazi

Suti kavu, ile inayobana shingo na vifundo vya mikono maji yasipenye, waachie wa bahari za baridi. Mtwara maji hushuka hadi nyuzi joto 25 hivi kusi likikaza Julai na Agosti, na Machi hukaribia 29. Suti ya raba inatosha: milimita 3 wakati wa kaskazi, milimita 5 wakati wa kusi. Anayekushauri zaidi ya hapo ana mzigo wa kuuza.

Ogelea mita 200 bila kupumzika na uelee dakika 10. Huwezi? Anzia hapo, mtungi wa hewa usubiri.

Mwenye pumu, moyo au kifafa aende kwa daktari kabla ya kulipa ada. Mwenye mafua abaki nyumbani, na asijidanganye kwa dawa ya kuzibua pua. Ikiisha nguvu ungali chini, hewa hunaswa sikioni wakati wa kupanda.

Sasa risasi za kiunoni, yaani vipande vya madini mazito vya kukuzamisha, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Mtu kajifunza Februari kwa suti ya milimita 3 na kilo 4 za risasi. Julai anavaa ya milimita 5, hazami. Mashua inayumba, wenzake wameshatangulia, basi anaongezewa kilo 4 nyingine kwa haraka, ashuke tu. Anashuka kweli. Raba imejaa viputo vya hewa; kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu, viputo hubanwa hadi nusu na suti haielei tena kama mwanzo. Anajiona anadidimia, anajaza hewa nyingi kwenye jaketi la kuelea alilovaa. Akianza kupanda, hewa ile inatanuka na kumvuta juu kasi kuliko mita 9 kwa dakika, ambazo ndizo kikomo cha usalama. Akishtuka akabana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka.

Risasi zikipungua nako ni balaa. Hewa ya mtungi wa lita 12 uliojaa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) ina uzito wa karibu kilo 3; ukirudi na bar 50, zaidi ya kilo 2 zimekwenda. Ulianza sawa, unamaliza mwepesi, tena pale mita 5 unapotakiwa kutulia dakika 3 kabla ya kutoka, gesi ipungue mwilini.

Kwa hiyo pima upya kila ubadilishapo suti. Mtungi ukiwa na bar 50, toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima majini bila kupiga miguu, shika pumzi ya kawaida. Maji yakufike machoni. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2. Andika namba ya kila suti daftarini, usitegemee kichwa.

Bamvua usiingie kwenye milango ya miamba, maji hupwa na kujaa zaidi ya mita 3 na mkondo haukuombi ruhusa. Chagua maji mafu, na uliza wavuvi wa Msimbati kabla ya kuuliza simu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikikolea, Ruvuma hutema tope, usipange kuona mbali karibu na mdomo wake.

Ghuba ya Mnazi iko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, kwa hiyo lipa kiingilio. Mtungi si zana ya kuvulia, kanuni za uvuvi zinakataza. Ukipanda na kambakochi mkononi usilalamike.

Ndege ya Dar isubiri saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni Newala: kupanda uwanda wa Makonde kwa gari jioni ile ile ni kupanda mamia ya mita, na viputo vya gesi vinavyoweza kutokea mwilini baada ya kuzamia havijui kama umepanda ndege au basi. Lala Mikindani. Kunywa maji, bia iache. Kiungo kikianza kuuma au ngozi kuwasha, usikande wala usingoje asubuhi. Omba oksijeni na nenda hospitali.